Kipaza Atoa Sadaka Bila Kusema

Palikuwa na fundi redio mmoja, watu wakimwita Kipaza, na jina hilo hakupewa kwa ajili ya kazi yake. Redio zake zilikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Yeye hakuumbwa nacho. Akila yai, mtaa wa pili wanajua lilikuwa na viini vingapi. Mwaka aliotoa mkeka msikitini aliusema mpaka watu wakawa wanaukwepa, wanasali kwenye sakafu tupu, wasije wakasimuliwa tena ulivyobebwa kutoka dukani.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama mfuaji, mjane wa makamo anayelea wajukuu wawili kwa kufua nguo za watu. Mwezi ule aliteleza kwenye povu akateguka mkono, na sasa ilikuwa wiki ya tatu beseni lake limelala kifudifudi uani. Kuomba haombi. Ukimjulia hali anajibu alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na jikoni kwake hakutoki moshi.

"Nitampelekea unga," Kipaza akasema, koleo mkononi. "Watu waone ujirani ni nini."

"Wewe mwanamume," mkewe akajibu, macho kwenye mchele anaochambua, "sadaka zako huwa unazila kwa mdomo kabla hazijafika. Yule mama akijua unga ni wako ataurudisha, maana kesho utautangaza mpaka sokoni. Hii moja itoe umefumba mdomo."

"Kwani mimi nasemaga sana?"

"Baba watoto, chambua waya zako."

Basi alfajiri, kabla ya adhana, Kipaza akachukua mfuko wa unga, akatia ndani chupa ya mafuta na sukari. Kamba hakuiona, akaufunga kwa waya mwekundu wa redio. Akauweka mlangoni kwa mama mfuaji, akarudi kwa ncha za vidole, moyo unamdunda kama mwizi wa kuku. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Akayateremsha kwa chai ya moto.

Asichokijua ni kwamba mama mfuaji alikuwa mtu wa dini hasa. Kitu usichojua ni cha nani ni kiokotwa, na kiokotwa hutangazwa. Hata kuufungua hakuufungua. Akajitwika mfuko kichwani, akaushika kwa mkono mzima, huyo mpaka nyumbani kwa imamu.

Adhuhuri, baada ya swala, imamu akasimama. "Kumeokotwa mfuko. Mwenyewe aje ataje kilichomo."

Kipaza akapiga hesabu kimoyomoyo. Akisema ni wake, watu watauliza uliokotewa wapi, na kabla ya alasiri mtaa mzima utajua nani ana njaa. Akinyamaza, wale watoto watalala hivyo hivyo.

Muuza vyuma chakavu, ambaye mkono wake haufunguki ila kwa kupokea, akakohoa. "Sheikh, ni mkubwa?"

"Mwenyewe anaujua ukubwa wake," imamu akamjibu, na watu wakacheka.

Walipotawanyika, Kipaza akamsogelea imamu, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanong'ona. Imamu alishtuka, ikabidi ainamishe sikio mara mbili.

"Mwenye mfuko anasema haukupotea. Anaomba urudi ulikookotwa."

"Nani huyo?"

"Hataki kutajwa."

Imamu akautazama waya mwekundu, akavitazama vidole vya fundi vilivyobabuka kwa kulehemu. "Nami sitauliza tena," akasema.

Alasiri akatangaza kwamba mwenyewe amepatikana, na aliyeokota ameokota chake. Mke wa imamu akaurudisha mfuko chini ya baibui, anatembea kama mjamzito wa miezi tisa. Jioni ile jikoni kwa mama mfuaji moshi ukatoka.

Mtaani sasa wakaanza kubishana nani mtoaji. Wa kwanza kufutwa alikuwa Kipaza. "Angekuwa yeye," kinyozi akasema, "tungeshaambiwa hata hesabu ya punje." Dhana ikamwangukia muuza vyuma: kile kikohozi kilikuwa cha mtu anayejificha. Mwenyewe hakukubali wala hakukana, ila alianza kutembea taratibu, kama aliyebeba thawabu nzito.

Siku ya pili mama mfuaji akaja mpaka kwenye meza ya Kipaza, barazani kwake, akainama.

"Mwanangu, ninalo jambo, ila ulifunge humo humo. Ule mfuko uliletwa kwangu. Wanasema ni muuza vyuma, na kumshukuru siwezi, nitamvunjia siri yake."

"Muuza vyuma," Kipaza akasema.

"Na mimi nilikuwa namsengenya ni bahili, Mungu anisamehe. Kumbe hutoa hata kivuli chake kisijue. Nawe jifunze kwake, mwanangu. Ule mkeka wako umetuchosha."

Kipaza akafungua mdomo. Nyuma ya pazia, mchele ukaacha kuchambuliwa. Tone la risasi ya kulehemia, bado la moto, likamdondokea gotini, asilisikie.

"Mungu amzidishie, mama," akasema.

"Amina. Na wewe akujalie siku moja."

"Amina," akaitikia, mkewe huko nyuma amejiziba mdomo kwa ushungi, mabega yanamcheza.