Hofu ya Mbwa na Hofu ya Damu

Mimi naogopa damu. Mdogo wangu wa Mbale anaogopa mbwa. Mke wangu anaogopa kinyonga, naye akipiga kelele majirani wanakimbia kumwokoa. Sijasoma sana, sijui kama hofu hupimwa, lakini naona za wenzangu zina heshima na yangu haina.

Siku ya akika ya binti yetu, mbuzi alifungwa uani kwangu hapa Mpumudde. Niliapa safari hii nitachinja mwenyewe. Kifungua mimba wetu alichinjiwa na watu wengine, na masimango ya siku ile bado nayasikia.

Mdogo wangu alifika na boda kutoka stendi ya mjini. Kijibwa cha jirani kikatokea. Akapanda juu ya kiti cha pikipiki, akamkaba dereva shingo. Jasho lilimtiririka; simsingizii, aliteseka kweli.

"Mfungeni huyo mbwa!" baba yetu mdogo akaamuru. "Kijana ana dini, hataki najisi."

Wakakimbia kumfunga. Hakuna aliyecheka. Dini gani? Alikuwa akilia akiona mbwa kabla hajajua hata kutawadha.

Kisha nikapewa kisu. Nikamlaza mbuzi, nikamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi. Nilipoigusa ile shingo nikawaza kitakachotoka, masikio yakaziba.

Nilizinduka mkekani, mke wangu akinipepea kwa leso. Mbuzi alishachinjwa. Mdogo wangu ndiye aliyeshika kisu na kulitaja jina la mtoto wangu.

"Huyu ni mwanamume au maziwa, akiguswa anamwagika?" baba mdogo akauliza. "Hata kuchinja kuku utamwita mwenzako atoke Mbale?"

Wakacheka. Mdogo wangu, akinawa mikono, naye akatia lake: "Kaka, kwani damu inang'ata?"

Ningeweza kumjibu kwamba kile kijibwa nacho hakikumng'ata. Nilitaka kuandika hapa kwamba nilimsitiri, lakini si kweli. Niliogopa watasema namwonea wivu, na wasingekosea. Tena, hofu yangu ingekuwa ndiyo inayoitwa dini, labda ningecheka vilevile.

Wakati wa kuagana, baba mdogo alimchukua mtoto, akampa mdogo wangu ampakate.

"Haya, mwone baba yako aliyekuchinjia."

Kwa desturi yetu naye ni baba yake, hilo silikatai. Lakini mimi nilikuwa nimesimama palepale, na hakuna aliyenigeukia. Nikaenda kuwafungulia geti.