Mama Rebeka na Mlezi wa Kwaya

Paskazia hakuwahi kulala ufukweni, ingawa ziwa haliko mbali na Buseresere. Kwake ziwa lilikuwa samaki tu: wanafika alfajiri kwenye matenga, wanapaliwa magamba, wanakaangwa, wanaliwa na wachimbaji waliotoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wakiwa na matope hadi magotini. Kibanda chake cha mabati ndicho kilichomsomesha Rebeka, mwanawe wa pekee. Baba wa mtoto alifuata dhahabu Chunya wakati Rebeka bado ananyonya, akaoa huko huko. Paskazia hakumfuata. Alibaki na mtoto na masufuria yake.

Siku Rebeka alipopiga simu kutoka chuoni Shinyanga, Paskazia alikuwa anasonga ugali. Alibana simu kwa bega.

"Mayu, Jumamosi ijayo kwaya yetu inakwenda kupumzika ufukweni Chato. Tunalala huko, tunarudi kesho yake. Tumekosa mpishi, nikawaambia hakuna anayepika kama wewe."

"Mmekosa mpishi, au umenikumbuka?"

"Vyote viwili," Rebeka akacheka.

Ilimtosha. Alisuka nywele, akashonesha kitenge kipya, na Jumamosi hiyo akafunga mgahawa, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kumlazimisha. Jirani yake Loveness, muuza mkaa, alipomwuliza anakwenda wapi amependeza hivyo, alijibu kwamba mwanawe amemwalika ufukweni. Habari ya kupika hakuitaja.

Basi la kwaya lilisimama barabarani mchana. Rebeka aliruka chini kabla ya wote, akamkumbatia mama yake mpaka kilemba kikalegea. Kisha akamshika mkono, akamwongoza kwa mwanamke mmoja mwenye miwani na nywele fupi, aliyevaa suruali.

"Mayu, huyu ndiye Mama Dorah. Ni mhadhiri wetu, tena ndiye mlezi wa kwaya."

"Karibu sana, Mama Rebeka," yule mwanamke akasema. "Tumekusikia sana."

Paskazia alimshukuru. Yeye hakuwa amemsikia hata kidogo. Kila Jumapili jioni Rebeka alimpigia simu, akamweleza kuhusu masomo, mvua, kodi za vyumba. Jina la Dorah halikuwahi kupita humo.

Walimpa kiti cha mbele, jirani na dereva, masufuria yake miguuni. Nyuma kwaya iliimba mpaka Bwanga, halafu sauti zikapungua. Paskazia alipogeuka kumtafuta mwanawe, alimwona amelala usingizi, kichwa kimeegemea bega la Dorah, na Dorah amekaa wima bila kutikisika ili asimwamshe. Paskazia aligeuka akatazama barabara. Akajiambia kwamba basi limejaa, mtu hulala popote.

Walipofika, vijana walikimbilia majini na nguo zao, wengine wakasimika mahema. Paskazia aliwasha moto chini ya banda la nyasi, akaanza kupika. Alikaanga sato kwa ajili ya kwaya nzima. Kwa Rebeka alikuwa amechinja kuku wa kienyeji alfajiri ile, akambeba kwenye hotipoti, kwa sababu Rebeka hakuwa akila samaki. Alipokuwa mdogo mwiba ulimkwama kooni, wakahangaika naye hadi zahanati, na tangu siku hiyo, katika nyumba iliyoishi kwa samaki, yeye alipikiwa chake.

Chakula kilipoiva, Rebeka alipanga foleni na wenzake, akachukua sato mzima, akaketi mchangani akaanza na kichwa.

"Rebeka! Unakula samaki?"

"Ah, mayu, nilishaanza zamani," akasema, akitoa miba kwa vidole bila hata kutazama. "Mama Dorah ndiye aliyenizoesha. Jumapili huwa tunapika kwake."

"Jumapili gani?"

"Nyingi tu."

Yule kuku aliliwa na Abel, mwenyekiti wa kwaya, pamoja na wenzake wa besi. Walimsifu sana mpishi. Paskazia aliitikia "asanteni" kila mara.

Baada ya chakula cha jioni waliketi kuzunguka moto. Abel akasimama, akasema kwamba safari hii haikuwa mapumziko tu. Mlezi wao anakwenda kusoma Afrika Kusini, na kwaya imeona imuage. Wakamvisha Dorah khanga, wakapiga vigelegele. Kisha wakamsukuma Rebeka aseme neno.

Rebeka alisimama akishika kipaza sauti. Paskazia, aliyekuwa anakwangua ukoko kwenye sufuria, alisogea karibu ili amsikie vizuri.

"Wengi hamjui," Rebeka akaanza, "mwaka jana nilifeli, nikataka kuacha chuo. Nilikuwa nimeshafunga begi. Mama Dorah alinichukua kwake, nikakaa pale hadi nikapata nguvu ya kurudi darasani. Sina cha kumlipa. Huyu si mlezi wangu. Huyu ni mama yangu."

Walipiga makofi. Dorah alikuwa anafuta miwani. Paskazia alijikuta amefika katikati yao, mwiko ungali mkononi, na sauti iliyotoka ilikuwa ile anayotumia kwa mchimbaji mlevi.

"Kama wewe ndiye mama yake, hebu waambie hawa watoto, alikojoa kitandani mpaka darasa la ngapi? Sema! Hujui? Darasa la sita. Mimi ndiye niliyekuwa naanika godoro."

Kuna waliocheka. Rebeka aliweka kipaza sauti juu ya kiti polepole, akaondoka kuelekea majini. Dorah akainuka amfuate.

"Kaa!" Paskazia akamwambia. "Nakwenda mwenyewe."

Alimkuta amesimama maji yakimfika vifundoni.

"Umenidhalilisha, mayu."

"Ulifeli, hukuniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningekuja."

"Ndiyo. Ungefunga mgahawa, ungekuja na kuku, ungelia mlangoni kwa mkuu wa chuo. Halafu ingebidi nikubembeleze wewe. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza mtu."

Paskazia alitaka kukanusha. Lakini kilio cha mlangoni alikiona kabisa, hata kitenge ambacho angevaa.

"Yeye alifanya nini?" akauliza baadaye.

"Alinipa blanketi. Hakuniuliza kitu mpaka nilipoanza mwenyewe."

Hilo lilimuuma kuliko samaki, kuliko bega la kwenye basi. Angekuwa Dorah amelipa ada, au amezungumza na wakubwa, Paskazia angesema basi, ana uwezo, mimi sina. Lakini blanketi na kunyamaza? Blanketi alikuwa nalo. Kunyamaza ndiko ambako asingeweza, na alijua.

"Lile la godoro unisamehe," akasema.

"Tena lilikuwa darasa la nne."

"La sita, Rebeka."

Wakarudi kwenye moto wakiwa wameachana hatua kadhaa. Wanakwaya walikuwa wameanza wimbo mwingine kwa haraka, kama watu waliofumaniwa.

Asubuhi Dorah alikuja bandani, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Alimenya vibaya, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Paskazia alimtazama akanyamaza.

"Mama Rebeka, nilipaswa kukutafuta mwaka jana," Dorah akasema. "Alinikataza, lakini mimi ni mtu mzima. Ningekuwa na binti nikafichwa jambo kama lile, ningekasirika."

"Ulipaswa," Paskazia akajibu. Watu husema hapo "haina neno." Yeye hakusema.

"Una mtoto mzuri."

"Najua."

Hata hivyo chai ilipochemka, alimmiminia yeye kwanza, akamtilia na sukari. Na safari ya kurudi Rebeka alikaa mbele, juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na mama yake. Lakini basi lilipomshusha Paskazia Buseresere na kuondoka, alimwona Rebeka kupitia dirisha akihamia kiti cha nyuma, pale pale alipokuwa amekaa mwanzo. Loveness alimwuliza ufukweni kulikuwaje. "Kuna upepo," akamjibu.

Dorah aliondoka mwezi Agosti. Jioni ya siku hiyo, wakati wateja wamejaa, Rebeka alipiga simu akilia, maneno hayaeleweki. Paskazia alitoka nje na simu, akasimama nyuma ya kibanda. Maswali yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Alisikiliza kilio kile chote hadi mteja mmoja akaja kumchungulia, naye akamfukuza kwa mkono.

"Amekwenda, mayu," Rebeka akasema hatimaye. "Tumetoka kumsindikiza."

"Nasikia, mwanangu."

Rebeka akasikika akipenga kamasi. Paskazia alivumilia, akavumilia, kisha ikamshinda.

"Na mimi nikienda mbali utalia hivyo hivyo?"

"Mayu!" Rebeka akasema, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Nijibu," Paskazia akasema. "Nauliza tu."