Kadi Iliyotolewa Matabishi

Bunia hakuna anayeuza kitu kikiwa kizima. Baiskeli inauzwa baada ya kung'olewa dinamo. Redio inauzwa bila antena, na mwenye kuuza anakuapia kwamba za namna hiyo zilitoka kiwandani hivyo. Lori linauzwa likiwa limevishwa matairi ya lori lingine lililokufa. Na kwa sababu kila mnunuzi anajua amenyofolewa kitu, naye haondoki mpaka apewe matabishi, yaani kitu kidogo cha juu, cha bure, cha kumtuliza moyo. Ndivyo watu wazima wa mji wangu wanavyofanya biashara. Mmoja anachomoa kiungo, mwingine analilia pipi, kisha wanapeana mikono na kumshukuru Mungu.

Nilikuwa nawacheka kimoyomoyo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye kucha zilizoliwa mpaka kwenye nyama, nikijiona mtu pekee mwenye akili kutoka soko kuu mpaka uwanja wa ndege.

Patron wangu, yaani tajiri aliyeniajiri, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa aliyehamia kwetu kutoka Butembo. Mwishoni mwa miaka ya themanini, kahawa ikiwa bado inampa kiburi, alinunua kompyuta kwa mzungu aliyekuwa anafunga maghala yake aondoke. Aliiweka ofisi ya mbele, pale wageni wanapoketi. Juu yake mkewe akatandika kitambaa cheupe cha kufuma na kuweka chombo cha maua ya plastiki. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kuondoa maua. Mgeni mkubwa akija niliiwasha, nikaandika jina lake likatokea kwa herufi za kijani, mgeni akacheka kama mtoto, kisha nikaizima ili, kwa maneno ya patron, isichoke.

Hakuna aliyenifundisha mashini ile. Mzungu aliacha kitabu cha maelezo kwa Kifaransa, kurasa zake za mwisho zimeliwa na mchwa. Nilikisoma na kamusi pembeni mpaka nikajua kila kitu isipokuwa kile walichokula mchwa. Hofu hiyo haikuniacha. Niliamini jambo lenyewe lilikuwa katika kurasa zile.

Ndipo nikaanza kuandika kitabu changu, cha kumfundisha mtu mashini ile kwa Kiswahili, ili mwingine asiteseke na kamusi kama mimi. Patron aliniruhusu kukiandika mchana, jenereta ilipokuwa inaendesha mashine ya kukoboa kahawa. Nilikiandika zaidi ya mwaka. Printa ilikuwepo, karatasi ilikuwepo, lakini sikuchapa hata ukurasa mmoja, kwa sababu sentensi ya kwanza ilikuwa haijakaa sawa. Niliibadilisha, nikairudisha, nikaibadilisha tena. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitatoa karatasi yenye kosa. Basi kitabu kizima kiliishi mahali pamoja tu, ndani ya diski, lile sanduku la chuma lenye uzito wa tofali ambalo kompyuta huhifadhia kila ilichoambiwa. Disketi za kunakilia tulikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa ya kuwashia mashini. Ya pili mke wa patron aliifanya kikalio cha sufuria ya chai.

Kisha patron akaagiza kompyuta mpya kutoka Kampala. Ilikuja nyeupe, inang'aa, bila diski ndani, kwa sababu aliyemuuzia alikuwa mtu kama yeye. Ile ya zamani akapata wa kumuuzia, mtu wa Mahagi mwenye ofisi ya kuandikia watu barua kwenye barabara ya kwenda mpakani.

"Weye, utoe ile diski mu mashini ya zamani, uingize mu mupya," aliniambia. "Siwezi kuuzisha ngombe na mimba yake."

"Papa, mununuzi anajua kama diski inatoka?"

"Ataniuliza namna gani? Hata jina yake hajui."

Nilifanya kazi ile kama mganga wa mifupa. Kwanza niliiamuru mashini ilaze ile sindano inayosoma diski mahali pake pa kupumzikia, isije ikakwaruza njiani. Nilitandika shuka safi mezani. Kila skrubu niliiweka kwa mpangilio wa mahali ilipotoka. Diski ilikuwa imefungwa kwa mikanda miwili bapa ya waya, na mikanda ile iliingia kwenye kadi ya kijani, pana kama kiganja cha mtu mzima, iliyochomekwa tumboni mwa mashini. Kadi ndiyo inayojua lugha ya diski yake. Bila kadi, diski ni chuma cha kuzuia mlango. Nilichomoa vyote viwili nikavilaza pamoja juu ya shuka, nikawa natafuta pa kunawia mikono.

Mnunuzi akafika kabla ya wakati. Patron akanituma Fanta ya mgeni.

Niliporudi na Fanta, mashini ya zamani ilikuwa imeondoka, na mgeni naye hakuingoja Fanta yake. Patron aliinywa mwenyewe. Nikafungua ile mpya, nikaiweka diski mahali pake, nikaifunga skrubu zote. Mikanda miwili ikabaki inaning'inia, haina pa kuingia.

"Papa, kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Ile ya kijani. Ilikuwa hapa, kando ya diski."

"Aa, ile." Akapangusa mdomo. "Yule mutu alililia matabishi. Alitaka maua. Niliona mama atanisumbua, njo nikamupa ile kipande. Alifurahi sana. Alisema iko na rangi muzuri."

"Papa, diski haiwezi kusema kitu bila ile kadi."

"Diski si iko mu mikono yako? Kitu ya bei tulibaki nayo. Weye unalilia maganda."

Nilimtazama mtu huyu aliyewapunja wanunuzi wa kahawa wa mataifa matatu, nikaona hajui amefanya nini na hatajua. Alikuwa ameng'oa kiungo kama kawaida, akatoa pipi kama kawaida, na pipi ilikuwa ufunguo wa kiungo chenyewe.

Siku zilizofuata nilijaribu kuandika kitabu upya kutoka kichwani. Nilikumbuka sentensi ya kwanza tu, kwa sura zake zote. Yaliyofuata, ambayo sikuyahangaikia kwa kuwa niliyaona yamekaa sawa, yalikuwa yamefutika. Hapo ndipo niliomba ruhusa ya kwenda Mahagi.

"Enda na lori yetu," alisema patron. "Lakini usimuombe arudishe. Matabishi hairudishwi. Batu watasema niko mutu mubaya."

Niliifunga diski ndani ya kitenge cha mama yangu, nikaipakata juu ya magunia. Kila shimo la barabara lilinipiga mimi kwanza. Iga Barrière tulisimamishwa, na mtu wa kizuizi akapitisha macho juu ya abiria mpaka akanifikia.

"Weye wa kushika tumbo. Shuka na hiyo mutoto."

"Si mutoto, tata. Ni diski."

"Diski ya muziki?"

"Hapana. Ya mashini."

Akaichukua, akaipima kwa mkono, uso wake ukabadilika. "Iko nzito sana. Unatoka Kilo, ku dhahabu?"

"Natoka Bunia."

"Wote wanatoka Bunia." Akaisogeza sikioni, akaitikisa.

"Tata, tafadhali, usiitikise. Kuna kitabu ndani."

"Kitabu. Ndani ya chuma." Akawageukia abiria ili wasikose. "Basi kifungue unisomee."

Walicheka wote, hata dereva wetu. Nilisimama barabarani na uso wa moto, nikiwadharau mmoja mmoja. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyeketi juu ya magunia na kuku wake.

"Umuache, tata," alisema bila hata kuinua sauti. "Mwenye dhahabu anajifanya amelala. Huyu angalia macho yake. Hana kitu."

Mtu wa kizuizi akanitazama macho, akakubali, akanirudishia. Kudharauliwa kule kulinifaa kuliko akili zangu zote.

Mahagi sikuuliza njia. Kadi yangu niliiona kutoka barabarani, imetundikwa kwa uzi juu ya mlango wa ile ofisi, inazunguka kwa upepo. Mwenye ofisi, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alinikaribisha vizuri.

"Patron yako iko muzima? Karibu, ukae."

"Asante, papa. Nimekuja ju ya ile kadi."

"Ile? Njo alama ya nyumba. Watu wanaiona toka mbali, wanajua huku kuko mashini."

"Naomba kuiazima tu."

"Matabishi haiazimwi. Leo unaazima, kesho patron yako atataka nimurudishie na ile Fanta sikukunywa."

Basi nikamweleza yote, diski, kadi, sindano, kitabu. Alisikiliza akitazama kitenge. Nilingoja akasirike.

"Nilijua mulitoa kitu," alisema mwishowe, kama mtu aliyethibitishiwa hesabu yake. "Nilikuwa sijui ni nini. Sawa. Hiyo diski uingize humu, usome kitabu yako. Lakini kadi haitoki mu nyumba yangu."

Niliishusha kadi, nikaipuliza vumbi, nikafuta kwa shati langu alama ya nzi. Niliichomeka, nikafunga mikanda, mwenye ofisi akaenda nyuma kuwasha jenereta ndogo. Diski ikaanza kuzunguka na ule mlio wake unaopanda. Nilikuwa nimefumba macho. Nilipofumbua, herufi za kijani zilikuwa zimejipanga, na kitabu changu kilikuwa pale, chote.

Nikakisoma. Nasema kweli, kilikuwa cha kuchosha. Kiliandikwa na mtu anayejisikiliza. Kurasa tatu zilipita kabla msomaji hajaambiwa mahali pa kubonyeza ili mashini iwake. Na sentensi ya kwanza, ile niliyoilea kuliko mtoto, ilikuwa na neno lililoandikwa mara mbili. Niliposogeza kidole kulifuta, nikaona pia kwamba sentensi nzima ingefaa kugeuzwa, kwamba ile sura ya zamani, ile ya kabla ya ile nyingine...

"Mafuta inaisha," alisema mwenye ofisi kutoka nyuma. "Na mafuta ya leo ilikuwa ya barua za wateja. Unachapa ao hauchapi?"

Kidole kikabaki hewani. Najijua. Ningefuta neno moja, ningekaa pale mpaka jenereta ife.

Nikachapa. Utepe wa printa yake ulikuwa mkavu, maandishi yakatoka rangi ya majivu, ukurasa wa kwanza na kosa lake ukiwa juu kabisa. Jenereta ilizimika karatasi ya mwisho ikiwa bado mdomoni mwa mashini, nikaivuta kwa mkono. Kadi nikairudisha mwenyewe kwenye uzi wake.

Niliporudi Bunia, patron aliipokea diski kwa mikono miwili.

"Vyote viko ndani?"

"Viko, papa."

Akaiweka juu ya kitambaa cheupe, kando ya maua, na tangu hapo wageni wakubwa huonyeshwa kwanza. "Hii njo akili yenyewe ya mashini," anawaambia, nao wanaigusa kwa ncha ya kidole. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini akili inakaa nje ya kichwa.

Karatasi zangu nilizishona kwa uzi wa gunia la kahawa. Wameanza kuziazima, vijana wa ofisi nyingine mbili zilizopata mashini. Kila anayezirudisha ananifungulia ukurasa wa kwanza, ananionyesha kwa kidole neno lililoandikwa mara mbili. Namwambia nimeliona, kisha namuuliza kama mashini yake iliwaka.