Nilivyokinga Mvua Kisiwani

Mama mkwe wangu hakunipa salamu ndefu za kupeleka. Alinipa mfuko wa mlenda mkavu, akanishika mkono mlangoni kwake, Bahi, akasema, "Mkwe, unakwenda kumchukua mwanangu. Huendi kumtembelea." Nikamjibu nimesikia. Akarudia, kwa sababu ananijua. Mimi ni dalali wa mbuzi, na neno nililoambiwa mara moja huwa nalichukulia kama bei ya kuanzia.

Huyo mwanawe ndiye mke wangu. Ni muuguzi, na wakati huo alikuwa anafanya kazi kwenye kisiwa kilicho chini kabisa ya ramani, karibu na pale karatasi inapoishia. Kisiwa chenyewe si nchi. Ni mali ya nchi nyingine, iliyo mbali nacho kiasi kwamba ndege inayotoka huko hutua njiani kwanza ipumzike. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilichangamka, maana mnadani mwenye mali akiwa mbali bei hushuka. Mke wangu akaniambia kisiwa hakiuzwi, nitulie.

Alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Mkataba wake ulikuwa unaelekea ukingoni, na waajiri wakamwomba aongeze miaka miwili. Walimruhusu kualika mgeni mmoja kwa nauli yao, akaniita mimi, na jibu lake walilitaka kabla sijapanda ndege ya kurudi. Watoto wetu wameshakua, kila mmoja ana kwake, kwa hiyo aliyekuwa anapika ugali wa mtu mmoja pale nyumbani kwetu Miyuji, Dodoma, ni mimi. Nilitaka mke wangu arudi nyumbani. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nilikwenda kule kuangalia mandhari.

Baridi haikunipa wasiwasi. Mtu wa Dodoma anaamini anaijua baridi, kwa sababu mwezi wa saba upepo wa alfajiri unatufanya tuvae makoti ya mtumba mnadani na kuongea na wateja huku mikono iko kwapani. Nikaenda na koti langu hilo hilo la mnadani. Niliposhuka kwenye ndege, upepo wa kule ulilikagua, ukaona halina kitu, ukaingia ndani moja kwa moja. Mke wangu alikuwa ananisubiri na koti jingine mkononi, kubwa kama turubai la lori. Alinivalisha mbele za watu, akanifunga zipu mpaka kidevuni kama mtoto wa chekechea.

"Pole, baba watoto," akasema. "Hili lako tutapangusia meza."

Mapatano yalianza jioni ile ile. Sisi wawili hatugombani, tunapatana bei, na tumekuwa tukifanya hivyo tangu siku ya mahari, aliponong'ona kwamba baba yake anaweza kushuka kidogo. Tulikaa mezani na kila mmoja akamwaga bidhaa zake. Mimi nilifungua na jua. Nikamwambia jua la kwetu linachomoza kwa wakati na linafanya kazi mchana kutwa bila kusimamiwa, ila la hapa linachungulia dirishani kama mtu aliyekosea nyumba, na chai haijapoa limeshaaga. Akakubali bila ubishi. Kisha akainuka, akafungulia bomba la jikoni, akaliacha likimwaga maji, akarudi kukaa.

Miyuji maji ya bomba yana siku zake, na siku hizo yanazijua yenyewe. Tuna simtanki, tuna madumu, tuna ndoo zenye vyeo: ya kunywa haioshi vyombo, na ya kuoshea vyombo haisogei karibu na ya kunywa. Maji yaliyooshea mchele yana mche wao yanaokwenda kumwagilia. Nikayaangalia yale ya kisiwani yakijiendea zao, safi kabisa, hayajamfanyia mtu yeyote kazi. Nilivumilia kadiri nilivyoweza. Mwisho nikanyoosha mkono nikafunga.

"Umeshindwa," akasema.

Nikamwambia sijashindwa, nimefunga bomba.

Siku zilizofuata tuliendelea hivyo, kila tulipopata nafasi. Yeye alisifu umeme usiokatika. Mimi nikasema umeme wenyewe wote unaishia kwenye kupasha moto nyumba, kazi ambayo kwetu bati linaifanya bure. Akanionyesha wazee anaowahudumia wanavyopata dawa zao zote kwa wakati, na hapo sikubisha, kwa sababu si kila kitu mtu anabishia. Lakini siku tulipoingia dukani nilirudisha goli. Mboga zinakuja kwa meli, na zikifika zimechoka kuliko abiria. Kulikuwa na zabibu, zimewekwa kwenye kiboksi chenye kifuniko kama pete ya uchumba. Nilizihesabu kwa nje, nikazihesabu tena. Nikamkumbusha mke wangu kwamba kwetu zabibu za namna hiyo mtu anakutupia kishada kizima kama nyongeza ili usiende kwa jirani yake. Alikiangalia kile kiboksi, akakirudisha kwenye rafu, akanitembeza haraka kwenda kwenye nyama. Nyama ya kondoo ilikuwa nyingi na nzuri. Kondoo wenyewe tulikuwa tumewaona njiani, wanene, hawana mchungaji, hawana hata mtu wa kuwapigia mluzi. Kitaaluma iliniuma.

Upepo tulikubaliana ni sare. Wa Dodoma unakuja na mzigo, unakuletea vumbi la shamba la mtu mpaka kwenye sufuria. Wa kisiwani unakuja mikono mitupu, lakini haujui kurudi kwao.

Hoja yangu kubwa nilikuwa nimeiweka akiba. Dalali hatoi mbuzi wake bora asubuhi. Tangu nifike nilikuwa naangalia mlango wa nyumba yake, na hakuna mtu aliyekuwa ameugonga. Kwa hiyo jioni moja, tukila mlenda wa mama yake na mabaki ya kondoo, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, chumvi ikimwishia anaazima kwa nani.

Akaacha kula. Akaniambia alipohamia pale alisafisha nyumba, akaandaa chai, akangoja wenyeji waje kumwona mgeni, kama kwetu. Aliandaa na siku ya pili. Alipoona kimya akajua ndivyo walivyo.

"Wananisalimia kwa kichwa," akasema. "Nikipita wananiinamishia kichwa. Nikiugua, baba watoto, hicho kichwa kitanisaidia nini?"

Hapo nikajua nimeshika kamba ya mbuzi. Sikumsukuma. Mnunuzi akishaanza kujiuliza mwenyewe unamwacha, unaangalia pembeni, unasifia hali ya hewa. Nikasifia mlenda. Moyoni nilikuwa nimeshafika Bahi, nimeshamkabidhi mama mkwe mali yake.

Kesho yake mke wangu aliingia zamu ya mchana, nikabaki peke yangu. Nilikuwa nimejilaza kwenye kochi ndani ya lile turubai langu, mara nikasikia bati. Nyumba za kule zimeezekwa bati kama zetu, na mvua ikipiga bati inasema vile vile dunia nzima. Bomba nilikuwa nalijua liko hapo na halikauki. Kichwa kilijua. Miguu haikukiuliza. Iliondoka yenyewe, na mimi nikafuatana nayo mpaka jikoni, nikabeba ndoo ya kudekia, beseni la nguo, sufuria zote na bakuli la saladi, nikatoka nje nikavipanga chini ya paa, palipokuwa panachuruzika vizuri. Nilivihesabu, nikaona ukuta mmoja hauna chombo, nikarudi ndani kuchukua birika.

Nilipotoka na birika nilimkuta mzee mmoja amesimama upande wa pili wa barabara, ananiangalia. Ni jirani, yule anayeinamisha kichwa kuliko wote. Nikamwinamishia na mimi. Yeye akageuka akaingia kwake haraka, nikajisemea nimemuudhi. Baada ya muda mfupi akarudi amebeba ngazi begani, na mkononi ana sanduku la vifaa.

Kiingereza changu ni cha kuuliza bei. Yeye alinionyesha ndoo, akanionyesha paa. Nikamwonyesha ndoo, nikamwonyesha mbingu. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaegemeza ngazi, akapanda juu na mvua ile ile, mtu wa umri wa kuamkiwa shikamoo na nusu ya mnada wetu. Nilibaki nimemshikia ngazi. Nilimsikia anagonga bati moja baada ya jingine, akitafuta tundu. Mke wake akaja na mwavuli kumfokea ashuke. Mama mwingine wa nyumba ya jirani aliona zile sufuria akakimbia kwake, akarudi na ndoo mbili zake, akazipanga kwenye mstari na zangu bila kuuliza swali. Huyo nilimpenda hapo hapo.

Mke wangu aliporudi kazini alikuta ngazi ukutani na vyombo vyake vyote nje vimejaa, na sebuleni kwake wazee watatu wamelowa, wanakunywa chai niliyoipika na tangawizi ya kutoka nyumbani. Alisimama mlangoni. Mzee wa ngazi akasimama pia, akaanza kumweleza kwa upole kwamba paa limekaguliwa lote, tundu halijaonekana, na kesho atakuja tena kuangalia dari. Mke wangu akaniangalia.

"Umefanya nini?"

"Nimekinga mvua," nikasema.

Alicheka mpaka akakaa chini, na wale wazee wakamngoja. Kisha akawatafsiria. Aliwaeleza kwetu mvua ikishakata mwezi wa tano tunaaga nayo hadi karibu na mwisho wa mwaka, na kwamba mume wake si mgonjwa. Walicheka na wao, wakaacha kucheka, wakaanza kuuliza. Miezi mingapi? Na ng'ombe wanakunywa nini? Mzee wa ngazi alinitazama tofauti kidogo. Yule mama wa ndoo alikwenda kuziangalia kama zimejaa.

Ndipo yule mke wa mzee alipouliza jambo alilokuwa nalo muda mrefu, na mke wangu akanitafsiria huku sauti imebadilika. Kule kisiwani watu hawafungi milango. Aliyefunga kwa ufunguo mchana ana maana moja tu, anataka aachwe apumzike. Na mke wangu, kama mtu yeyote mwenye akili wa Miyuji, alikuwa amefunga ufunguo, akatia komeo na kushusha pazia tangu siku ya kwanza. Ile siku aliyopika chai akangoja, nao walipita mlangoni na keki, wakasikia komeo, wakarudi nayo kwa heshima. Walikuwa wamemhurumia tangu hapo, kwa mbali.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilijua kabisa kinachoendelea. Mbuzi wangu bora alikuwa anatoka zizini, na mimi ndiye niliyefungua geti.

Hawakuacha tena kuja. Mzee alikuja kuangalia dari, akala na mlenda, akauliza kama ni dawa. Mama wa ndoo alileta chumvi hata haijaombwa. Mke wangu akaacha komeo mchana, ingawa usiku aliliangalia mara mbili, na mimi nikaliangalia baada yake.

Jioni ya mwisho tulipatana. Mimi nilianza na kurudi kesho. Yeye alianza na miaka miwili ya waajiri. Nikaleta jua, nikaleta zabibu, lakini sauti yangu ilikuwa ya mtu anayepanga bidhaa huku soko linafungwa. Akanishika mkono.

"Nikisema nabaki, utaona nimekuacha?"

Nikamwambia nitaona ugali wa mtu mmoja haupikiki vizuri, unashika sufuria. Akasema mwaka mmoja, si miwili, na atawaambia hivyo kesho asubuhi, wakikataa anarudi. Nikasema nusu. Akasema mwaka. Nikamwangalia usoni nikaona hakuna kilichobaki cha kupunguza.

Kwa mama mkwe nilikwenda siku niliyoshuka, kabla sijalala. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kumweleza waajiri wamekubali nini. Akanikatiza.

"Akiugua, nani atagonga mlango?"

Nikamweleza habari za mzee na ngazi yake. Alitaka nirudie pale alipopanda juu ya paa mvua inanyesha. Nikarudia. Akauliza kama mzee huyo ana watoto, anakula nini, na kama mguu wake uko salama. Kisha akaingia ndani, nikamsikia anapima kitu kwa kopo. Alitoka na mfuko wa mchele wa shambani kwake, umefungwa kwa kamba ya katani.

"Mpelekee," akasema.

Nikamwambia kule ni mbali, mama, si Singida. Akanijibu nitapata mtu anayekwenda.

Nimemtafuta huyo mtu. Nimeuliza wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga, wanaojua kila nchi kwenye simu. Nimeuliza mnadani, wakanicheka. Mchele uko Miyuji kwenye ndoo yenye mfuniko, na mama mkwe kila tukionana anauliza umefika wapi. Nimefikiria watu wote wa Dodoma ninaowajua, nimewahesabu na kuwarudia, na anayeijua njia ya kule ni mmoja tu. Jana nilimpelekea fundi lile koti kama turubai, abadilishe zipu.