Kibanda cha Mtu Mmoja

Ilianza Jumamosi, tarehe 4 Januari 1997, saa tisa na dakika kumi mchana. Ninajua kwa sababu papa alisimama mbele ya duka, akatazama saa yake, akasema tuna muda wa kuchagua vizuri. Halafu akanifungulia mlango nipite wa kwanza. Nilipenda vile.

Duka liko mtaa wa Anderlecht, kando ya mfereji, si mbali na kwetu. Wanauza ndoano, nyuzi, buti za mpira, na funza wanaowekwa kwenye friji. Sisi tulitafuta kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Jumapili iliyotangulia, msimamizi wa papa kule depo anakofanya kazi, Mzungu aliyekulia Finland, alimwalika kwenye bwawa lake lililoganda, akamfundisha kutoboa tundu na kushusha uzi. Papa alirudi na samaki wawili wadogo, na kikohozi. Maman akamwambia hatarudi kule bila kitu cha kumkinga na upepo.

Hakuna aliyeniuliza mimi nilifanya nini Jumapili hiyo. Maman anafanya usafi hospitalini, huko Woluwe, kila wikendi, na anatoka kungali giza. Kwa hiyo Jumapili ni yangu na papa: kanisa, kisha tunakula sombe, kisamvu chetu, kisha ananiuliza habari za shule na mimi namjibu kidogo kidogo. Siku ile nilikaa peke yangu ghorofa ya saba nikisikiliza lifti. Kila iliposimama kwetu nilisema ndiye. Ilisimama mara nyingi. Shuleni siongei na mtu, basi nikiikosa Jumapili, wiki nzima inapita sauti yangu sijaisikia.

Nilitaka aniambie, twende wote. Hicho tu. Zamani, Bukavu, kabla hatujahamia huku, nilikuwa nambebea kopo la minyoo tukienda kuvua ziwani. Yeye alikaa kwenye jiwe lake, mimi kwenye langu, na saa nzima hatukusema kitu. Tangu hapo sijapata mtu wa kunyamaza naye vizuri hivyo.

Mwenye duka alitoa vibanda vitatu huko nyuma, vina vumbi. Alisema vilitoka Poland, na mpaka baridi hii hakuna aliyewahi kuviulizia. Cha kwanza kilikaa juu ya beseni refu la plastiki la kuburuta kwenye barafu. Kizuri, lakini papa aliuliza atakiburuta vipi kwenye ngazi za métro, treni ya chini ya ardhi. Hatuna gari, ni métro, treni, halafu nusu saa kwa miguu. Cha pili kilikuwa cha watu wawili, kinafunguka kama mwavuli, kilo saba. Cha tatu cha mtu mmoja, kilo tatu na kitu, kinaingia kwenye mfuko wa begani.

Papa alivipima kwa njia yake. Alivaa kimoja kimoja mgongoni, akatembea hadi mlangoni, akashuka na kupanda ngazi za nje. Alinipa niinue kwa mkono mmoja. Kisha aliweka mdomo kwenye kitambaa akapuliza, mimi kiganja changu upande wa pili, nimwambie kama nasikia hewa. Sikuisikia. Alipoingia kile kidogo na kufunga zipu, mwenye duka alicheka, akasema hajawahi kumuuzia Mzaire nyumba ya barafu. Papa akamjibu kutoka ndani kwamba kwetu samaki anavuliwa mtu akitokwa jasho, lakini bon, mtu anajifunza.

Halafu akafungua kile cha watu wawili, akaketi, akapigapiga nafasi ya pembeni. Niliingia. Mwanga ulikuwa wa buluu, na kulinuka mpira. Magoti yetu yaligusana. Nikafikiri, sasa atasema.

"Donc," papa akasema, "weye unapenda gani?"

Nimelelewa hivi: mkubwa akikuuliza unataka nini, hutaji. Ukiulizwa nyama ipi, unasema yoyote. Siku moja, kwa tonton, ndugu yake papa, nilitaja paja la kuku, na maman alinifinya chini ya meza. Basi nilitazama buti zangu.

"Yote ni sawa, papa."

Alingoja kidogo. Nadhani alingoja.

"Bon. Basi tukamate ile ya mwepesi."

Njiani alisema, bila kunitazama, kwamba msichana wa secondaire ana mambo yake, hawezi kupenda kuganda na baba yake kwa ajili ya samaki wawili. Nilicheka kwa adabu. Mfuko niliubeba mimi. Kweli ulikuwa mwepesi.

Jioni maman alikitazama kile kibanda, akauliza kwa nini cha mtu mmoja. Papa akasema mutoto hapendi. Nilikuwa naosha sahani, sikugeuka. Nilikuwa nimemkasirikia yeye, halafu nikajikasirikia mimi, na sahani moja niliiosha mara tatu.

Jumapili niliamka kabla yao. Nilivaa soksi jozi mbili, suruali juu ya suruali, na koti la zamani la maman. Nikachukua kigoda cha jikoni, nikakiweka kwenye korido mbele ya mlango, nikakikalia, mfuko wa kibanda mapajani, ili mtu asipite bila kunihamisha. Maman alitoka wa kwanza kwenda kazini. Nikasimama apite. Alinifunga skafu upya, akaenda.

Papa akaja na thermos yake. Akasimama.

"Nitaikala inje, papa," nikasema, nikitazama buti. "Weye ikala mu kibanda. Miye niko na kigoda."

Aligeuka, akarudi jikoni, nikasikia kabati la vikombe likifunguka; thermos yake ina kikombe kimoja tu. Nikabeba mfuko na kigoda, nikaenda kuita lifti. Ilipofika, niliweka kigoda katikati ya mlango usijifunge, nikamngoja.