Sarafu saba, kovu moja

Leo hapa Kitengela nimeumbua dhahabu ya uongo kwa macho yangu haya mawili!

Shemeji yangu, Mama Naserian, alikuwa ashafungua mtamba wake wa pekee, ng'ombe mchanga bado hajazaa, ampee jamaa fulani, abadilishane na sarafu saba za dhahabu.

Eti ni za mfalme wa zamani wa Ulaya. Eti alizipata akichimba choo Kimana.

Mfalme gani huyo?

Mimi matapeli wa dhahabu nawajua. Mmoja nilimkimbiza kwa miguu mpaka Kona Baridi, ulizeni.

Nikatoa sumaku. Nikaiweka juu ya sarafu.

Haikushika.

Jamaa akacheka. "Umeona mwenyewe, mzee. Sumaku inashika chuma, haishiki dhahabu."

Shemeji akaniangalia vile mtu huangalia mbwa amebweka bure.

Lakini hata shaba haishikwi na sumaku! Nikamwambia, "Shemeji, hebu zipange chini."

Akazipanga. Akazikagua moja moja, vile hukagua ng'ombe sokoni.

Akaniita, "Shemeji, huyu mfalme ako na kovu kwa pua. Na huyu. Wote saba, mahali pamoja! Hata ndama wa mama mmoja hawafanani hivi."

Kumbe zote ni shaba iliyomwagwa kwa kalibu moja, iliyotengenezwa kwa sarafu moja iliyochubuka pua!

Jamaa akakumbuka ghafla ako na mgonjwa Rongai. Shemeji akamtoa kamba ya mtamba mkononi, kidole baada ya kidole.

Sasa anaambia majirani ni yeye alimshika.

Na nani alisema zipangwe? Semeni ukweli hapa chini.