Siku Mama Yangu Alipogeuzwa Mganga

Mama hanipigii simu saa za kazi. Anajua nikiwa kwenye kompyuta najibu kama mtu aliyeamshwa usingizini, kwa hiyo husubiri jioni. Siku hiyo alipiga asubuhi, nikiwa ofisini mjini, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Njoo nyumbani," alisema. "Kuna mgonjwa sebuleni. Wanasema mimi ndiye ninayemtibu."

"Nani wanasema hivyo?"

"Yeye na mke wake. Wametoka Nansio, kule kisiwani. Njoo mwanangu, mimi sielewi."

Nilichukua bodaboda hadi Buswelu. Njiani nilijiambia kwamba wamepotea nyumba tu. Mtaa wetu unajengeka haraka, mapaa ya bluu kila upande, hata mimi nikipita usiku hukosea kona.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda mlangoni, kama yeye ndiye mgeni. Ndani, kwenye kochi, alikuwapo mwanamume wa makamo, mguu mmoja umefungwa khanga na kuwekwa juu ya meza ndogo. Harufu ya kidonda ilikuwa imejaa chumba kizima. Mke wake alikuwa amesimama. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yake yakiwa kwa mama.

"Mimi nimekuja kuuliza kitu kimoja," alisema. "Kwa nini umetufanyia hivi? Dawa tumetumia yote. Mguu umeoza. Tukipiga simu hampokei."

"Mama," nilimwambia yule mke, "huyu ni mama yangu. Anauza kahawa. Hajawahi kutoa dawa."

Akatoa simu kwenye mkoba, akaigusa mara mbili, akanipa. "Ndiye huyu, au siye?"

Ilikuwa picha ya mama. Amevaa kitenge cha njano, ameshika ungo wa kahawa mbichi, anacheka kidogo, nyuma yake mlango huu huu wa kwetu. Picha hiyo nilimpiga mimi mwenyewe. Juu ya kichwa chake palikuwa na maandishi makubwa: Bibi Mganga kutoka Kagera, anatibu sukari, presha na donda ndugu.

"Ndiye," nilisema.

"Basi," alisema yule mama.

Niliketi kwenye ukingo wa kochi, karibu na mguu ule. Mimi natengeneza tovuti. Nimetengeneza za shule, za hoteli za ufukweni, za wauza nyavu, lakini ya kwanza kabisa nilimtengenezea mama, ili watu wa mjini waione kahawa anayoletewa na ndugu zetu wa Karagwe na kuikaanga mwenyewe uani. Sasa nilikuwa naiangalia tovuti hiyo hiyo kwenye simu ya mtu mwingine, rangi zile zile, mpangilio ule ule, ila jina na namba ya simu si zetu. Nilisoma aya ya kwanza: "Dawa yetu huvunwa milimani Karagwe, ikaanikwa juani, kisha tukaikaanga kwa moto wa taratibu ili isipoteze harufu." Ile sentensi niliiandika mimi. Mtu alikuwa amefuta neno kahawa na kuweka neno dawa kila mahali, wala hakujisumbua kusoma kilichobaki.

Nilitoa kompyuta kwenye begi palepale nikaichungulia tovuti hiyo kwa ndani. Nyuma ya kila ukurasa kuna maandishi ya kuiongoza kompyuta, ambayo msomaji wa kawaida hayaoni, na mimi nina tabia ya kuacha humo maneno ya kujikumbusha. Nikayakuta. "Hapa usiguse, mama anaipenda rangi hii." Maneno yangu, ndani ya nyumba ya mwizi.

"Mlifikaje hapa?" niliuliza.

Alisema mtu wa kwenye simu aliwakataza kuja. Alidai bibi ni mzee, hapokei wageni, atawatumia dawa kwa abiria wa kivuko. Walitanguliza hela, unga wa dawa ukafika, wakapaka. Mara ya pili vilevile. Mguu ulipozidi kuharibika simu ikazimwa. Ndipo yeye, katika kuhangaika na ukurasa ule, akakuta chini kabisa ramani. Mwizi alibadilisha jina, akabadilisha namba, akasahau ramani. Ilikuwa bado inaonyesha nyumba ya mama yangu.

"Nikasema nimfuate, aniambie uso kwa uso," alisema.

Nilianza kumweleza jinsi tovuti inavyonakiliwa, kwamba ni jambo la dakika chache, kwamba hata sisi tumeibiwa. Niliongea sana. Mama alinikatiza.

"Hayo baadaye," alisema. Alikuwa ameshainuka kwenye kigoda. Alimsogelea yule baba, akainama, akaufungua ule upande wa khanga kidogo, akaufunika tena polepole. "Ita bajaji. Huyu ni wa hospitali, tena sasa hivi."

Hakusema hata mara moja kwamba si yeye. Alijifunga kilemba, akamshika yule mama mkono kama dada yake, wakatoka.

Hospitalini daktari aliuliza walipaka nini. Mke akatoa kikaratasi chenye mabaki ya unga. Daktari aliunusa, akauweka kando, akasema kwamba sukari iko juu sana na mguu hauwezi kuokolewa, itabidi ukatwe chini ya goti ili mtu apone. Alisema kwa upole, lakini bila kuficha. Yule mama alikaa chini sakafuni akilia. Mama yangu naye akakaa chini, pembeni yake, wala hakumwambia nyamaza.

Mimi nilibaki na mgonjwa. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyeitengeneza ile ya kwanza? Ya kahawa?"

"Ndiyo, baba."

"Mke wangu hakuitaka hii dawa. Yeye alisema twende hospitali. Ni mimi niliyeng'ang'ania." Alipumua kidogo. "Niliona ile picha, nikasema uso huu hauwezi kudanganya mtu."

Ile picha sikuichagua ovyo. Katika kazi yetu hilo ni jambo la mwanzo kufundishwa: weka uso wa mtu halisi, si wa kununua mtandaoni, anayeingia aamini. Nilimpiga mama picha nyingi asubuhi ile, nikatafuta yenye tabasamu ambalo hata mtu asiyemjua angeliamini, na nilipoipata nilifurahi kama mtu aliyepasua tikiti akalikuta jekundu. Nimewahi kuwaambia wateja kwamba kazi yangu ni salama, nikikosea hafi mtu. Nilikuwa nikilisema kwa kucheka. Sasa nilikuwa nimekaa karibu na mtu anayekwenda kukatwa mguu, na kilichomvuta ni kitu nilichokifanya vizuri.

Walimkata mguu kesho yake. Alipona.

Mimi nilikwenda polisi. Afisa alinipokea vizuri, akanisikiliza, kisha akauliza kwa dhati kabisa, "Sasa wameiba nini? Tovuti yako si bado ipo?" Nilieleza upya, naye akaandika. Kisha nikaanza kuwaandikia wenye mitambo inayohifadhi ile tovuti, kampuni ya ng'ambo. Nilijibiwa na mashine. Niliandika tena, nikaambatanisha picha za asili, nikajibiwa na mashine nyingine. Niliendelea mpaka mtu mwenye damu akanijibu, na tovuti ikazimwa.

Nilidhani yameisha. Nikatafuta mtandaoni kwa ile sentensi ya moto wa taratibu, kuhakikisha tu, nikakuta nyingine. Bibi mwingine, jina jingine, eti anatoka Tanga. Kitenge kilikuwa cha njano. Nilipoikuza picha niliona kwamba ungo ni wetu na mikono iliyoushika ni ya mama, kovu la kuungua na chungu likiwa pale pale kwenye kidole, lakini juu ya shingo wamebandika kichwa cha mwanamke nisiyemjua. Sikumwonyesha mama. Mpaka leo hajaiona.

Hiyo nayo nilipigana nayo ikazimwa. Sijui kama kuna nyingine. Nikisema ukweli, nimeacha kutafuta kila siku.

Nilimwambia mama nitaitoa picha yake kwenye tovuti ya kahawa, niweke ya punje tu. Alifikiri, akakataa. "Wao wanitumie, mimi nisijitumie? Acha. Andika juu kwamba hapa ni kahawa tu, hatutibu." Nikaandika. Hata hivyo, wapo wachache waliofika tena wakiulizia bibi. Mama huwapa kikombe, huwauliza wanaumwa nini, halafu huwaonyesha njia ya hospitali.

Yule mama wa Nansio humpigia mama siku za Jumapili baada ya ibada. Ukisikiliza wanavyoongea utadhani wamekua pamoja. Mumewe amejifunza kutembea kwa magongo, analima bustani ya mchicha akiwa amekaa.

Mimi bado naifanya kazi hii, na naipenda. Majuzi mwenye shule ya chekechea huko Butimba alinipa picha za watoto ili nizipange kwenye ukurasa wa mbele. Zilikuwa nzuri, nyuso zinang'aa. Nilimuuliza kama wazazi wanajua. Akashangaa.

"Dada, wewe si unatengeneza tovuti tu?"

Nikamwambia ndiyo, natengeneza tovuti, na nikamwomba kwanza akaongee na wazazi. Hakupenda, lakini alikwenda.